Makato ya SHA yaliponifumbua macho

Mshahara wa mwenzangu niliujua kupitia makato ya SHA, yale ya bima ya afya ya serikali. Hakunionyesha karatasi yake, wala sikupekua droo ya mtu.

Tulikuwa kibandani, nyuma ya hadiwea ya jumla tunakofanya kazi hapa Nakuru, chapati madondo mezani. Kijana wa stoo, ambaye hata mwaka hajamaliza, akaanza kulia: "Dada, mwezi huu tena SHA imeninyofoa 1,100." Nikaguna pamoja naye, Mkenya gani haguni akisikia SHA? Kisha chapati ikanikwama kooni. Mimi hukatwa 770.

SHA hula asilimia 2.75 ya mshahara mzima, kabla ya kodi na mengineyo. Nikatoa simu chini ya meza nikapiga hesabu. Yake ikatoa 40,000. Yangu, 28,000. Nikarudia nikidhani nimekosea nukta. Nina miaka sita pale. Ni mimi niliyemfundisha kijana huyo kutofautisha nondo za D10 na D12 kwa macho tu.

Jioni, ndani ya matatu ya Free Area, nilijaribu kumchukia, lakini hasira ikakosa pa kushika. Amekosa nini? Siku ya kuajiriwa aliulizwa anataka ngapi, akataja. Mimi nilipoulizwa nilijibu, "Mtakachonipa," nikiona hiyo ndiyo adabu.

Na adabu hii ndiyo inayoniudhi. Tunaambiana kodi ya nyumba, karo, hata madeni ya chama, lakini mshahara ukitajwa kila mtu anatazama sahani yake. Wapo wanaosema mishahara ikijulikana italeta fitina. Fitina ilikuwa ndani ya daftari la malipo tangu zamani. Sisi tumechelewa tu kuisoma.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na mtu akidai mahakamani kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sisemi kila mtu apate senti ileile. Kama kijana ana cheti nisichokuwa nacho, au ana jukumu nisilolijua, basi niambiwe. Tofauti ya 12,000 kwa mwezi haiwezi kukosa maelezo.

Ijumaa nikaingia kwa mzee, nikamweleza bila kumtaja mtu. Hakusema ni kweli, hakusema ni uongo. Aliuliza, "Nani amekuambia?"

"SHA, mzee."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Amesema tuongee mwisho wa mwezi. Nami nimeandika barua, karani ameipokea, na nakala yangu ina muhuri wa ofisi. Iko kwenye pochi, nimeikunja pamoja na ile karatasi ya 770.