Moto wetu hauna mwenyewe

Kila Machi na Aprili, anga la Flint Hills hapa Kansas hubadilika likawa rangi ya majivu. Wafugaji wanachoma mbuga. Moshi unafika mpaka mijini, na watu wa mjini wanalalamika kila mwaka. Mara ya kwanza kuuona nilicheka peke yangu: nimevuka bahari kuja Marekani kukuta watu wanafanya kile ambacho Tabora tuliambiwa ni ushamba.

Ila namna yao ni nyingine. Siku ya kwanza niliyoitwa kusaidia, asubuhi nzima ilipita hatujawasha hata njiti moja. Bosi alikuwa na karatasi mkononi: upepo uwe kati ya kilomita 8 na 24 kwa saa, unyevu wa hewa asilimia 40 hadi 70. Mimi nilidhani siku isiyo na upepo ndiyo salama. Akatikisa kichwa. Upepo ukilala, ukiamka hujui utatokea upande gani, na moshi unabaki chini mnashindwa kuonana. Upepo ulipoanza kuvuma sawasawa kutoka kusini, akaipigia simu ofisi ya kaunti, kisha majirani, mmoja baada ya mwingine.

Tukaanzia kaskazini, kule upepo unakoelekea, kandokando ya mkuza uliofyekwa na kulowanishwa. Moto unaorudi kinyume na upepo hutembea kizee. Unaweza kuongozana nao. Nilibeba kopo la mdomo mrefu linalodondosha mafuta yanayowaka, dizeli sehemu tatu kwa petroli sehemu moja. Nyuma yangu lilifuata tangi la maji. Ukanda mweusi ulipopanuka vya kutosha tukashuka na mbavu zote mbili za mbuga, na mwisho kabisa ndipo tukawasha kusini. Huo sasa ulikuja mbio, unanguruma, ukaufikia ule weusi, ukakosa cha kula. Ukafa hapo hapo.

Kwenye miti ndiko nilikoaibika. Tulikwangua majani makavu kwa reki mpaka udongo mtupu, kila kitu sawasawa, isipokuwa mti mmoja mkavu uliosimama, wenye tundu. Nikaumwagia maji kwa nje, nikaenda zangu. Kesho yake jioni jirani akaona moshi. Moto hulala ndani ya mti mbovu siku kadhaa. Siku hizi navua glavu na kusogeza mgongo wa kiganja kwenye kila kisiki. Nikisikia joto, siondoki.

Nikisimulia haya kwenye simu, ndugu hunijibu: "Wenzetu wameendelea." Kwenye hili nakataa. Mbuga hizi Waosage, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wakizichoma kabla mzungu hajazitia uzio. Zisipochomwa, mierezi huzivamia na malisho yanakwisha. Na kwetu wako warina asali wanaojua kwamba moto wa Mei au Juni, nyasi zingali na ubichi, hupita chini chini bila kuua miche ya miyombo, na kwamba wa Septemba au Oktoba hauna simile. Elimu tunayo.

Ambacho hatuna ni mtu wa kusema "moto huu ni wangu". Kwetu ukionekana na kiberiti porini wewe ni mhalifu, basi mtu anawasha akiwa njiani, anapotea. Kubaki kuulinda ni kujitaja. Wiki ikipita magazeti yanaandika "moto kichaa". Kichaa gani? Umetelekezwa tu.

Nitaambiwa huku kila shamba lina hati na uzio, kule malisho ni ya wote. Kweli, tena hoja hiyo ni nzito. Lakini hata hapa hakuna anayechoma peke yake: majirani wana vyama vya kuchomeana zamu kwa zamu, kama tulivyokuwa tukilimiana. Kamati ya maliasili ya kijiji ikitaja siku, ikawaambia watu, ikasimama na matawi mabichi mpaka visiki vipoe, hati inahitajika ya nini?

Mwaka jana mjomba aliniomba kitu cha kupeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nikampigia picha ile karatasi, nikamtafsiria mstari kwa mstari: upepo, unyevu, majirani, maji. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa mpwa wangu, hapa chini penye sahihi, kwetu atasaini nani?"