Honi ya Mount Gelai

Mlio wa simu yangu ni honi ya garimoshi namba 5918, na siubadilishi. Nimeshauriwa niweke singeli kama watu wengine, nimegoma. Hiyo 5918 inaitwa Mount Gelai, jina la mlima wetu wa kule Ziwa Natron, ingawa yenyewe imehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi. Ni kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt, daraja la 59, kazi ya kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zote na majina ya milima ya Afrika Mashariki. Tani 252! Boila katikati, mitambo ya magurudumu mbele na nyuma, ili dude zima lijikunje kwenye kona. Kwenye reli ya mita moja, hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kulizidi nguvu. Mke wangu haya yote anayajua kwa moyo, maskini, na hakuomba.

Sasa jioni moja natoka Kariakoo, nimo kwenye Kosta, tumejaa mpaka mlangoni. Upande wa Buguruni, pale reli inapokata barabara, foleni ikagoma. Mbele lori la mchanga, nyuma bajaji zimetubana, na sisi tumekaa juu ya reli kabisa. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa mapajani akaanza, "Baba, sogea basi, tuna watoto humu." Dereva akamjibu, "Nisogee wapi mama, nipae?"

Ndipo mke wangu akapiga.

Ile honi haina upole. Inaanza na pumzi nzito, halafu inapanda, halafu inakaa hukohuko juu. Na sauti nilikuwa nimeweka mpaka mwisho, kwa sababu honi ya mvuke ukiisikiliza chinichini umeitukana.

"TRENIII!"

Watu walitoka kwa mlango, wakatoka kwa madirisha. Dagaa wakapanda hewani, wakamshukia konda. Kuna kijana alikuwa anatuhubiria tangu Kariakoo kwamba mwenye imani haogopi kifo. Huyo alikuwa wa pili kutoka. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa baraghashia, kapita dirishani miguu ikitangulia. Dereva naye alishakuwa ng'ambo ya barabara, anatuombea.

Nikabaki peke yangu na simu. "Haloo?"

"Usisahau gesi," akasema mke wangu, akakata.

Nje watu wanaangalia reli kushoto, wanaangalia kulia. Hola. Kisha mke wangu akapiga tena, nadhani alikumbuka na mkaa, na macho yote yakahamia kwangu.

"Jamani, tumieni akili," nikawaambia. "Hiyo ni honi ya mvuke. Hapa zinapita za dizeli, na ile SGR ni ya umeme. Tena Garratt ya 59 ilikuwa ya njia ya Mombasa na Nairobi. Mngekaa hapa mwaka mzima isingewakuta!" Maelezo yalinyooka kabisa. Mama wa dagaa akanijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nikamgeukia mzee. "Shikamoo. Mbona na wewe, mtu mzima, ukakimbia?"

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimefanya kazi Voi, njia hiyohiyo ya Mombasa na Nairobi, enzi za Shirika la Reli. Sauti ile naijua. Ukiisikia hivyo, ishafika."

Huyo peke yake ndiye aliyekimbia kwa hoja.

Konda, magamba ya dagaa yanamng'aa shingoni, akahesabu waliorudi. Waliokuwa hawajalipa walikuwa wameshapotelea mitaani. Akaninyooshea mkono. "Braza, treni yako imenishushia abiria. Ilipe nauli."

Nikalipa, na dagaa nikalipa. Foleni ikafunguka, tukapanda. Mzee akaja kukaa pembeni yangu, akanivuta shati.

"Hebu ipige tena, nisikie vizuri."

"Thubutu!" dereva akafoka bila kugeuka. "Ikilia tena humu nashuka, mtaendesha wenyewe."