Taa juu ya bahari: jeshi lichunguze peke yake?

Usiku wa 22 Juni 1976, mabaharia wa manowari ya Hispania iitwayo Atrevida, karibu na kisiwa cha Fuerteventura, waliona mwanga ukipanda angani kisha ukatanuka kuwa kuba kubwa. Wakazi wengi wa Visiwa vya Canary waliuona pia. Jeshi la anga la Hispania lilihoji mashahidi na kukusanya maelezo mengi, lakini likashindwa kutaja chanzo. Miaka mingi baadaye watafiti wa kiraia walilinganisha saa ya tukio na rekodi za majaribio ya makombora, wakapata jibu: yalikuwa makombora ya Poseidon, yaliyorushwa na nyambizi ya Marekani. Mashahidi walisema kweli na wachunguzi walijitahidi. Kilichokosekana ni taarifa moja iliyofungiwa kabatini kwa taifa rafiki.

Wanaotaka jeshi lichunguze kwa siri vitu visivyotambulika angani wana hoja nzito. Video ya rada au ya kamera ya joto humwonyesha adui umbali ambao manowari inaweza kuona, na pale isipoona. Tena si kila taa ni kichekesho. Mwaka 2019 manowari kadhaa za Marekani, ikiwemo USS Russell, zilizungukwa na taa nje ya pwani ya California. Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi la majini, aliliambia Bunge la Marekani mwaka 2022 kwamba jeshi lina imani ya kutosha kuwa zilikuwa droni. Droni inayoifuata manowari usiku ni jambo la usalama, na sioni ubaya jeshi likikaa kimya wakati linamtafuta mwenye droni hiyo.

Lakini Bray alieleza pia kwa nini taa hizo zilionekana kama pembetatu: umbo lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani ya kuonea usiku kisha kurekodiwa na kamera. Wachambuzi wa kiraia walikuwa wameshasema hivyo tangu 2021, picha zilipovuja. Chile nako, helikopta ya jeshi la majini ilirekodi kitu angani Novemba 2014. Wataalamu wa serikali wakakaa nacho miaka miwili bila jibu, kisha wakaitoa video Januari 2017. Haikuchukua muda watu wa nje wakaonyesha, kwa kumbukumbu za safari za anga, kuwa ni ndege ya abiria iliyoruka kutoka Santiago. Taa ambazo ndege ya kijeshi ya Mexico ilizirekodi mwaka 2004 zilielezwa na watu wa nje kuwa ndimi za moto za visima vya mafuta katika Ghuba ya Campeche.

Ndiyo maana takwimu ya ripoti ya Marekani ya Juni 2021 kuhusu vitu visivyotambulika angani inanisumbua: matukio 144, moja tu likatambuliwa kwa uhakika, nalo lilikuwa puto linaloishiwa hewa. Wengi waliyasoma yale 143 kama ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine. Ripoti yenyewe ililalamikia uhaba wa data.

Kwa maoni yangu, jeshi libaki na siri za vifaa vyake, ila litoe mapema saa, mahali chombo kilipokuwa na mwelekeo wa kamera. Hayo matatu ndiyo yaliyofumbua fumbo la Chile, na hayafichui uwezo wa rada yoyote. Palipo na dalili ya droni ya adui, kama California, muda wa kusubiri uwe mrefu zaidi, lakini uwe na kikomo kinachojulikana.