Walikwenda Kuona Chuo, Wakaona Chipsi

Hapa Ngamiani mtoto akimaliza kidato cha sita, mtaa mzima unageuka kamati ya udahili. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko barabara ya kumi na mbili, na mbele yake niliweka benchi la wateja wanaosubiri kuzibiwa pancha. Siku hizi mteja anasubiri wima. Benchi limekaliwa na wanafunzi watarajiwa.

Ndivyo wanavyojiita tangu warudi Dar es Salaam kutembelea Chuo Kikuu. Wako watatu: binti yangu, rafiki yake waliyesoma naye HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na mtoto wa dada yangu, ambaye kwa kuwa alisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, anazungumza kama injinia mstaafu. Asubuhi sijafungua hata kufuli wameshafika, wanaendelea walipoishia jana: pale mtandao unashika, pale haushiki, pale kuna kivuli kizuri cha kupigia picha. Nikiuliza, haya, na masomo? Wanatazamana.

Msidhani nasimuliwa. Nilikuwemo safarini. Mama watoto alisema mabinti wawili hawaendi Dar na mvulana bila mtu mzima. Nikamwambia kwani huyo mvulana si binamu yake? Akaniangalia tu. Nikafunga kibanda.

Njia yenyewe siisimulii, kilomita 350 hivi kila mtu wa Tanga anazijua kwa kiuno. Muheza unanunua machungwa, Segera unakunywa chai, ukiamka uko Mbezi unashushwa, unamshukuru Mungu umefika, kumbe Dar ndiyo kwanza inaanza.

Tulianzia viwanja vya Mnazi Mmoja, kwenye maonesho ya vyuo yale ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kila Julai. Mimi maonesho niliyoyazoea ni Nane Nane. Unakwenda, unaona ng'ombe, unaona mhogo mrefu kuliko mtoto wako, unarudi nyumbani unajua ulichokiona. Hapa kila banda lina meza, kitambaa cha rangi ya chuo na kijana mwenye tai anayekukabidhi karatasi kabla hujasema salamu. Watoto wakakusanya. Tulirudi na mifuko mitatu ya vipeperushi, na mpaka leo sijamwona hata mmoja akisoma. Nikasema basi nivitumie kufutia grisi. Wapi! Karatasi nzito, inang'aa, haifyonzi kitu, mafuta yanateleza juu yake yanakurudia kiganjani. Gazeti la zamani lina faida zaidi, wallahi.

Kesho yake tukapanda Mlimani, ndiko kiliko Chuo Kikuu chenyewe. Na neno kupanda mlichukue kama lilivyo.

Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa barabara ya tisa, yuko mwaka wa pili. Huyu aliondoka hapa mtoto mwenye adabu zake, ananiita Baba. Safari hii kanipokea getini, "Shikamoo mshua!" Nikaitikia marahaba, ningefanyaje, mwenyeji ndiye anayejua njia. Akaanza kutupa historia ya chuo huku anatembea mbio. Kumbe chuo kilianza 1961 pale mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU. Tambarare kabisa. Watu wanasoma, jioni wanatembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Halafu 1964 wakakihamishia huku kilimani, na 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Nikasimama nikapumua. Nikamuuliza, aliyekihamisha alikuwa na baiskeli?

Mnacheka, lakini mimi ni mtu wa Tanga. Huku kwetu baiskeli anapanda shehe, anapanda mwalimu, anapanda mama na ndoo ya samaki kwenye keria na mtoto mgongoni, na kengele anapiga vilevile. Kule nimetembea toka asubuhi natafuta walau tairi. Kila nikiuliza sehemu iko wapi naambiwa "hapo juu tu". Nikifika hapo juu, kuna hapo juu nyingine.

Sasa nami nilikuwa na shughuli yangu. Mnaikumbuka ile noti ya mia tano, mbele Mzee Karume, nyuma jengo? Lile jengo ni Ukumbi wa Nkrumah, wa hapo hapo chuoni. Nimelishika miaka. Nimelirudishia watu chenji, nimelilowesha kwa jasho, kuna siku nilililaza ndani ya soksi nikitoka soko la Mgandini usiku. Mwaka 2014 mia tano ikawa sarafu, jengo likaondolewa, akawekwa nyati. Hakuna aliyetuuliza. Basi nikasema leo nitaliona lilivyo. Nikaliona! Paa lake lile lile, limepanda na kushuka vile vile, ila kumbe ni kubwa. Nikamwambia mtoto wa dada nipige picha hapa. Akasema, "Mjomba, hapa mwanga mbaya, twende kule kwenye miti." Nikamweleza habari ya noti. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Kwa hiyo mia tano ilikuwa ya karatasi?" Enzi zile yeye alikuwa anatumwa ubuyu wa hamsini. Picha nilipigwa hatimaye, nimetoka nimefumba macho.

Tukaenda maktaba mpya, ile tuliyosaidiwa na Wachina, imefunguliwa 2018. Mwenyeji akatuambia inachukua wasomaji 2,100 kwa mkupuo, na vitabu 800,000. Mimi nikavua kofia. Vitabu laki nane! Hapa mtaani kitabu kimoja cha hesabu kinazunguka nyumba sita, kikirudi hakina jalada. Nikageuka niwaone watoto wanavyoshangaa. Binti yangu kakunja uso, anafikiri jambo zito. Akamuuliza mwenyeji, "Soketi za kuchajia ziko ngapi?"

Hosteli nazo zikawa na kikao chake. Zile zilizofunguliwa 2017, majengo ishirini, zinalaza wanafunzi 3,840, watu wanaziita hosteli za Magufuli. Hapo mama watoto akapiga simu, maana alikuwa anatufuatilia kituo kwa kituo. Anataka kujua kitanda ni cha chini au cha juu. Anataka kujua dirisha linaangalia wapi. Anataka kujua wavulana na wasichana wanatenganishwa na nini. Nikamwambia na maadili. Akakata simu. Akapiga tena, kwa mwenyeji safari hii, na yule mshua mtoto nikamsikia sauti imerudi ya barabara ya tisa, "Ndiyo Mama. Hapana Mama. Naapa Mama."

Mwenyeji alijitahidi kuwainua mawazo. Akasema jamani, hapa kapita Museveni, kamaliza 1970. Kikwete naye kamaliza hapa hapa 1975. Rafiki yake binti yangu, ambaye toka asubuhi alikuwa kimya kwa ajili ya kuchuja picha, akainua kichwa. Nikasema alhamdulillahi, mmoja kaguswa. Akauliza, "Wao walipata hosteli au walipanga nje?"

Wakati wa kula ndipo niliposikia habari za bumu, ile pesa ya mkopo ya wanafunzi. Naomba hapa mnisikilize vizuri. Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi shilingi 10,000 kwa siku, ya kula na kulala. Zamani ilikuwa 8,500, ikapandishwa mwaka 2022. Elfu kumi! Kwa siku! Mimi nikilala na kuamka nani ananipa hata jero? Nikapiga hesabu ya pancha kichwani, nikaona mpaka nifikishe hiyo elfu kumi lazima kuna mtu amwage misumari barabara ya kumi na mbili. Nikamuuliza mwenyeji mwisho wa umri ni miaka mingapi. Akacheka, akasema, "Mshua, ule ni mkopo, ukipata kazi unalipa." Mkopo wa kula! Nikamwambia huo mbona hata Ngamiani upo, unatolewa na Mpemba wa duka la kona, na yeye hasubiri mpaka uajiriwe. Anakuja mlangoni Ijumaa.

Chakula chenyewe, watoto walikataa kula nilichokula mimi, wali na maharage, wakaenda kusimama kwa kijana wa chipsi barabarani. Ziara nzima ya chuo, ukifungua simu zao, chipsi zina picha nyingi kuliko Nkrumah. Chipsi zimepigwa kwa juu, zimepigwa kwa ubavu, zimepigwa na jua la jioni. Na hukumu ikatolewa palepale, na imeletwa mpaka Tanga: chipsi kavu, kachumbari kidogo. Mtoa hukumu ni mtoto wa dada, anayetaka kusomea uinjinia wa ujenzi, na dosari aliyoiona mjini kote ni kachumbari.

Binti yangu ndiye aliyenimaliza. Tuko kwenye basi tunarudi, ananiambia, "Baba, nimeamua. Nataka kusoma Kiswahili." Kuna taasisi nzima pale ya Kiswahili, ina maprofesa wake. Nikanyamaza mpaka Chalinze. Jamani. Mtoto kazaliwa Tanga, bibi yake mzaa baba katoka Mtang'ata, mtaa unaongea Kiswahili kuku mpaka bata, na Shaaban Robert mwenyewe kazaliwa hapa Vibambani mwaka 1909. Leo nimpandishe basi, nimlipie, akafundishwe Kiswahili Dar es Salaam! Na watu wanaosema "naomba unisaidie maji"! Nikamuuliza watakufundisha nini ambacho bibi yako hana. Akasema, "Fonolojia, Baba." Sikutaka ubishi. Tulipofika nikamwendea mama, nikamuuliza, mama, wewe fonolojia unayo? Akasema aliwahi kuwa nayo akiwa mdogo, ikatoka kwa mwarobaini.

Sasa basi tumerudi, ndiyo kamati imekaa. Tangu 2017 mtoto anaomba chuo kimoja kimoja mwenyewe, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo kila mtu anayepita hapa akatoa ushauri ananipunguzia mfuko. Muuza kahawa, ambaye mwisho wake wa safari ni Korogwe, amesema Mlimani padogo, waende Dodoma. Chuo kile kimeanzishwa 2007 na ni kikubwa, kutoka ndaki moja, yaani koleji moja, mpaka nyingine unapanda gari. Nikauliza, tambarare? Akasema kipo Chimwaga, kwenye vilima. Mama mmoja aliyekuja kujaza upepo akasema mpelekeni Sokoine, Morogoro. Nikamwambia dada, Sokoine kimeegemea Uluguru! Hivi nani aliwaambia wakubwa wetu kwamba elimu inakaa juu? Tanga tuna tambarare kuanzia hapa Ngamiani mpaka Raskazone, upepo wa bahari unakusukuma mgongoni, mwanafunzi angetoka bwenini kwa baiskeli akafika darasani hajatoka jasho. Na mimi ningekuwa getini na pampu.

Nimewauliza tena jana, hebu niambieni kitu kimoja tu, madarasa ya kule yakoje? Mtoto wa dada akasema, "Mjomba, tuliyapita kwa nje." Nikauliza rangi gani. Mmoja kasema krimu, mwingine kasema kijivu, wa tatu akafungua simu kutafuta kwenye picha. Akatafuta sana. Akakuta chipsi.

Halafu mteja mmoja aliyekuwa anasubiri wima akaniambia mbona unahangaika, Chuo Kikuu Mzumbe wanajenga ndaki yao huku huku mkoani kwetu, Gombero, wilaya ya Mkinga. Nikaangusha spana. Mkinga! Mtoto anakwenda Jumatatu, Ijumaa jioni anakula bada, ugali wetu wa muhogo, nyumbani na mama yake halali macho wazi. Watoto kwenye benchi wakaguna wote watatu pamoja, wakauliza Gombero mtandao upo. Mimi hilo sikuwajibu. Nilikwenda moja kwa moja stendi nikamtafuta dereva wa njia ya Mkinga, nikamuuliza, Gombero kuna mlima?

Akafikiri, akasema, "Upo, lakini kidogo."

Kidogo gani? Kidogo cha kusimamia pedali, au kidogo cha kushuka ukakokota?