Tunaogopa betri, tunasahau shokapu: hesabu ya gari la umeme la kifahari la mtumba

Mtu akisema hapa Dodoma kwamba anataka kushusha Tesla Model S ya 2015 au Jaguar I-Pace kutoka Uingereza, swali la kwanza atakalokutana nalo ni moja tu: betri ikifa je? Na swali huja na hesabu yake. Betri ya Model S iliyofanyiwa ukarabati huuzwa Marekani kati ya dola 12,000 na 20,000. Chukua 15,000, piga kwa dola ya shilingi 2,500, unapata milioni 37 na nusu, kabla ya meli, ushuru na fundi. Namba hiyo ikishatajwa mazungumzo yamekwisha. Mhusika anarudi kutafuta Range Rover Sport au Mercedes yenye V8, moyo ukiwa umetulia.

Utulivu huo ndio unaonishangaza. Waliomiliki magari hayo mjini hapa wanajua asubuhi ya kulikuta gari limelala upande mmoja kwa sababu mpira wa shokapu ya upepo umepasuka. Wanajua gia boksi inayoanza kupiga kichwa ikipanda kutoka ya pili kwenda ya tatu, na cheni ya taimingi inayopiga kelele injini ikiwa ya baridi. Bili zake nazo wanazijua. Lakini hujasikia mtu akizuiwa kununua Range Rover kwa kuulizwa, "gia boksi ikifa je?" Tumeshazoea kwamba hiyo ni gharama ya kutanua. Gari la umeme ndilo limebebeshwa mtihani ambao shangingi halikuwahi kufanya.

Ukifuatilia yanayowapata wenye Model S za miaka ya mwanzo, gari lililoingia sokoni 2012, utaona sehemu kubwa ya matatizo haihusiani na umeme wa kuendeshea gari. Yanatokana na anasa. Chukua vitasa vya milango. Vimezama ndani ya bodi, ukisogea vinatoka vyenyewe kukupokea. Kinachovitoa ni mota ndogo na gia ya chuma dhaifu, na pembeni kuna nyaya nyembamba za swichi zinazojikunja kila mlango unapofunguliwa. Miaka ikienda, gia inakatika au waya unakatika, na kitasa kinagoma kutoka. Kitasa kizima ni mamia ya dola. Gia peke yake ni makumi ya dola, na waya ni kazi ya mtu mwenye pasi ya kuchomelea risasi na subira ya kufungua kava la mlango bila kuvunja klipu zake.

Kioo kikubwa cha katikati ni habari nyingine. Komputa ya magari yaliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa 2018 ilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya GB 8, na mfumo uliandika taarifa humo mchana na usiku hadi chipu ikachoka. Mapema 2021 Tesla iliyarejesha magari takribani 135,000 ya Model S na Model X kwa tatizo hilo Marekani. Chipu ikifa, kioo kinakuwa cheusi na unapoteza udhibiti wa kiyoyozi na kamera ya nyuma. Gereji itakuambia ununue komputa nzima. Lakini kubadilisha chipu ya aina hiyo ni kazi ambayo mafundi simu wetu wanaifanya kila wiki kwenye simu zilizoganda, kwa mashine ya hewa ya moto na darubini ya mezani. Kinachohitajika ni kuwahi: data zilizomo zinakopiwa kwenye chipu mpya wakati ile ya zamani bado inasomeka. Ukisubiri kioo kizimike kabisa, kazi inakuwa ya shida mara kumi.

Hapo ndipo naona tumekosea mlango wa kubisha. Tunamuuliza fundi wa injini kuhusu gari lisilo na injini, naye kwa haki kabisa anatukatisha tamaa. Nusu ya kazi za gari hili ziko kwa fundi simu na kwa yule kijana anayefunga inveta na sola Kizota.

Shokapu za upepo ni ugonjwa ule ule wa Range Rover na hapa hauna huruma. Barabara za lami za Dodoma ni nzuri, mitaa si yote. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye mpira, mpira unapata nyufa, upepo unavuja taratibu, kompresa inafanya kazi muda wote kufidia hadi nayo inaungua. Kila shokapu ni mamia ya dola, nyingine inapita 1,000. Ongeza uzito: I-Pace ina zaidi ya kilo 2,100, Audi e-tron inakaribia 2,500. Uzito huo ukipanda tuta kwa kasi, bushi na boljointi ndizo zinazolipia. Tairi pia. Aliyevaa rimu za inchi 21 kwa ajili ya picha ajiandae kuagiza tairi Dar, na kuziagiza tena mapema kuliko alivyodhani. Inchi 19 zinamtosha mtu yeyote anayejua njia ya kwenda kwake.

Kisha kuna betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, inayowasha komputa na kufungua milango. Ikichoka, gari la mamilioni linakuwa boksi la bati mbele ya nyumba, huku betri kubwa chini yake ikiwa imejaa. Wengi waliosikia "Tesla ya fulani imekufa" walikuwa wanasikia habari za hii ndogo.

Turudi kwenye ile milioni 37, kwa sababu namba si ya uongo. Betri ya kWh 85 (yaani uniti 85 za umeme) ya Model S ina uzito wa karibu kilo 540 na seli 7,104 ndogo, zimepangwa katika moduli, yaani mafungu, 16. Hofu yetu kwamba joto linaziua seli hizo ina mzizi wake, na mzizi ni Nissan Leaf. Leaf, iliyoanza kuuzwa 2010, haikuwa na mfumo wa kupooza betri kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, ambako majira ya joto yanapita nyuzi 40, walianza kulalamika kwamba gari linapoteza umbali haraka, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya ujazo wa betri. Tangu hapo kila betri ya gari imekuwa ikihukumiwa kwa kosa la Leaf.

Model S, I-Pace na e-tron zote zinapoozwa kwa maji. Na Dodoma si Arizona. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana kwa kawaida linacheza kati ya nyuzi 27 na 32, na usiku wa Juni unavaa koti. Geotab, kampuni ya Kanada inayofuatilia magari kwa vifaa vya mtandaoni, ilikadiria 2020 kwamba betri hupoteza wastani wa asilimia 2.3 ya ujazo kwa mwaka, na uchambuzi wake wa 2024 ukaishusha hadi 1.8. Wao wenyewe wanasema joto na kuchaji kwa kasi mara kwa mara huongeza uchovu. Chukua basi ile kubwa: miaka 10, asilimia 23. Gari lililotoka kiwandani likitembea kilomita 426 kwa kipimo cha Marekani linabaki na kama 330. Hilo ni gari lililochoka, halijafa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopotea kwenye mazungumzo yetu, ambako betri ama ni mpya ama ni maiti.

Zipo zinazokufa kweli, na si vizuri kulificha hilo. Kwenye Model S za mwanzo, moduli moja ikishuka kuliko wenzake, gari huandika kwenye kioo kwamba kiwango cha juu cha chaji kimepunguzwa, na kutoka hapo linakataa kujaa. Ukiona ujumbe huo kwenye picha za mnada, funga ukurasa. Mota ya nyuma nayo ina aibu yake: sili inayozuia kulanti (maji ya kupoozea) isiingie kwenye rota, sehemu ya mota inayozunguka, huchakaa, kulanti inapenya, mwishowe inafika kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike na mota. Hapo ni maelfu ya dola. Bahati nzuri huu ni ugonjwa unaopimika. Gari linainuliwa, sensa ya mwendo iliyo ubavuni mwa mota inachomolewa, na unaiangalia ncha yake. Ikiwa kavu, endelea na mazungumzo ya bei. Ikiwa imeloa, umeshajua.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito kuliko ile ya bei ya betri, na nashangaa wanazitaja mara chache.

Ya kwanza ni kwamba hatuna machinjio ya magari haya. Injini ya Mercedes ikifa leo, kesho kuna mtu Ilala, Dar, anakuonyesha tatu za mtumba zimepangwa sakafuni. Betri ya I-Pace haina Ilala. Ikibidi kuagizwa, betri za lithiamu zinahesabiwa kama mzigo hatari, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, hivyo zinakuja kwa meli zikiwa na makaratasi yake na wewe unasubiri. Gari likikaa miezi minne juu ya mawe, hasara yake haimo kwenye bei ya spea.

Ya pili ni kwamba mtengenezaji hayupo. Dhamana ya miaka 8 ya betri inayosifiwa haina mlango wa kuigonga hapa. I-Pace inaonyesha uzito wa jambo hilo: baada ya matukio ya moto, mwaka 2024 Jaguar ilitangaza kuyanunua tena magari zaidi ya 2,700 ya modeli ya 2019 huko Marekani. Mmarekani alirudishiwa pesa. Mwenye gari la namna hiyo Ilazo atarudishiwa na nani? Kwa sababu hiyo mimi nisingegusa I-Pace ya mwaka huo hata kwa bei ya kutupa, na haya ni maneno ya mtu anayeyatetea magari ya umeme. Vivyo hivyo gari lililopata ajali au mafuriko na kuuzwa kama chakavu nje: volti 400 ndani ya boksi lililowahi kuingia maji si za kujifunzia. Gereji isiyo na glovu za kuhimili umeme na isiyojua kukata mfumo kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa isiruhusiwe hata kufungua kava.

Sasa tuweke Dodoma kwenye hesabu. Mtumishi anayeishi mjini na kufanya kazi Mji wa Serikali wa Mtumba, ukijumlisha soko, kanisa au msikiti na shule za watoto, anatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Model S inakula uniti 22 kwa kilomita 100, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Ni uniti 264. Kwa shilingi 356 za LUKU pamoja na kodi na tozo, ni karibu 94,000. Shangingi la lita 13 kwa kilomita 100 linakula lita 156, na lita ikiwa 3,000 ni 468,000. Tofauti ni 374,000 kwa mwezi, takriban milioni 4 na nusu kwa mwaka, bila kuhesabu oili ya injini.

Milioni 4 na nusu hazinunui betri mwaka huu wala ujao. Zinahitaji zaidi ya miaka minane. Atakayekuambia gari litajilipia betri lenyewe kwa haraka anakuuzia. Lakini zinanunua shokapu mbili, seti ya tairi na gia za vitasa vyote vinne kila mwaka, na kitu kinabaki. Yaani zinalipia yale yatakayoharibika kwa hakika, na hofu ya lile linaloweza kuharibika inabaki kuwa suala la kukagua vizuri kabla ya kununua. Mwenye shangingi anazilipia shokapu zile zile juu ya mafuta.

Safari ya Dar ndiyo udhaifu wa kweli. Ni kama kilomita 450, na gari lililobaki na 330 halifiki. Utalala Morogoro likichaji kwa soketi, au utapanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inakwenda kwa umeme huo huo wa gridi. Anayeishi barabarani kati ya Dar na Dodoma, au mwenye shamba Kondoa na ndugu Singida, gari hili si lake na hakuna hesabu itakayomsaidia.

Anayebaki mjini, mwenye nyumba yake na mahali pa kufunga chaja ya kilowati 7, aangalie umri pia. TRA inaongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likivuka 10, kwa hiyo Model S ya bei rahisi mnadani inaweza kuwa ghali kuliko ya miaka 7 ikishafika bandarini. Amuombe muuzaji picha ya kioo kikionyesha kilomita gari likiwa limechajiwa asilimia 100, picha ya sensa ya mota ikiwa imechomolewa, na video ya gari likipanda na kushuka kwa shokapu zake. Vitatu hivyo havimchukui gereji ya Uingereza hata saa moja.