Meseji Ilisema Maji Yamejaa

Akina mama wa pweza walitupita kwa miguu. Sisi wanne tulikuwa ndani ya mashua, tumekaa wima kama abiria wa daladala, na wao wanatembea ubavuni mwetu, kanga zimefungwa magotini, fimbo mkononi. Mmoja akasimama, akatutazama, akauliza kwa upole: "Wanangu, mwasubiri nini?"

Tulikuwa tunasubiri maji yajae. Programu yangu ilisema yangejaa saa 4:10, na hapo ilikuwa saa tatu unusu asubuhi.

Sisi wanne ni waandika programu wa Ngamiani, Tanga. Kila Jumamosi huonyeshana miradi ya pembeni, ile ambayo mtu huiandika usiku akishatoka kwenye kazi inayomlisha. Yupo jamaa wa vifaranga, ambaye mashine yake ya kutotolesha hushika joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21 na kumpigia kelele umeme ukikatika. Yupo dada wa kikoba, aliyehifadhi fedha za wanachama kwa namba za desimali mpaka siku ya kugawana hesabu ikakataa kulingana, akahamia namba nzima. Wa nne huanza mradi mpya kila wiki, kwa hiyo simwelezi.

Wangu unaitwa Maji Leo. Kila asubuhi hukokotoa saa za kujaa na kupwa, kisha huwatumia wavuvi meseji. Kazi yenyewe si uchawi: unajumlisha mawimbi manne. M2 ni la mwezi, mzunguko wake saa 12 na dakika 25. S2 ni la jua, saa 12 kamili. K1 na O1 huchukua karibu siku nzima kila moja. Vilele vya jumla hiyo ndiyo kujaa, mabonde ndiyo kupwa, na kati ya kilele na bonde ni kama saa 6 na dakika 12. Ishike hiyo namba, ndiyo iliyotukalisha topeni.

Safari hii nikasema tusionyeshane kwenye kompyuta, twende baharini kabisa, tufike kisiwa cha Ulenge na kurudi. Ijumaa usiku nikaenda Sahare kumwomba mjomba mashua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Waitakia nini?"

Nikamwambia kwamba mimi naandika kodi. Akashtuka, akidhani nimeajiriwa kutoza ushuru wa samaki. Nikamtuliza kwamba kodi yangu ni maagizo ya kompyuta tu, nikamwonyesha simu.

"Na hiyo yasema maji yajaa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mjomba."

Akautazama mwezi, mpevu, umekaa juu ya minazi. Akanitazama na mimi. Kisha akaingia ndani, akatoka na pondo na ndoo. "Nendeni. Mimi 'tawafuata na maji."

Nilidhani anasema maji ya kunywa.

Mtoto yeyote wa pwani yetu anajua kwamba bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Hata mimi nilijua, nimezaliwa hapa. Lakini programu ilikuwa imepita majaribio 14, yote kijani, na mtu aliyeona kijani mara 14 hasikii la mwezi wala la mjomba wake.

Tukaondoka saa moja asubuhi, maji nusu. Mkondo ukatuchukua vizuri, nikawaambia wenzangu bahari inatusaidia. Ilikuwa inaondoka, na sisi tunaisindikiza. Wavuvi wana hesabu yao: gawa kimo chote cha maji mafungu 12, saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Sisi tuliingia mwanzoni mwa saa ya nne. Bamvua la Tanga hupita mita tatu, kwa hiyo ndani ya saa moja tu lilitoka robo nzima chini yetu. Mashua ikakwaruza, ikayumba, ikalala upande kama mbuzi aliyeshiba. Kaa wakatoka kutuangalia.

Saa tatu kamili simu zetu zote nne zikalia kwa pamoja: "Shikamoo nahodha", picha ya kisamaki, "Kujaa saa 4:10, kupwa saa 10:22. Safari njema!"

Mimi nilipanga meseji itoke saa kumi na mbili asubuhi. Kroni, yaani kengele ya seva, niliiandikia 6 kwa saa za kizungu, lakini seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na dogo.

Kubwa alilikuta dada wa kikoba, akisoma kodi yangu kwenye simu huku miguu ikiwa ndani ya ndoo. Kwenye sehemu ya kukokotoa nilikuwa nimeshapunguza saa 6 ili kupata saa ya Kiswahili. Mwezi mmoja baadaye, nikiandika sehemu ya meseji usiku wa manane, nikapunguza 6 tena. Sita na sita kumi na mbili, na kumi na mbili kwenye uso wa saa ni sawa na kutofanya kitu. Saa 10:10 ya alasiri ikaandikwa 4:10. Na kwa kuwa kosa la saa sita linakaribia kabisa nafasi kati ya kujaa na kupwa, programu haikuwa inakosea ovyo: ilikuwa inasema kinyume, kwa usahihi wa dakika 12. Majaribio yangu yalipima nafasi tu kati ya kujaa na kupwa, nayo ilikuwa sawasawa.

"Lakini mbona hukuandika asubuhi au alasiri?" akauliza jamaa wa vifaranga. "Tungeshtuka."

Kisamaki. Meseji ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka picha moja tu, meseji yote hubadilishiwa mfumo na kubaki 70. Yangu ilikuwa 66. Kuongeza maneno mawili kungeifanya ihesabiwe meseji mbili, gharama mara mbili, nami nilikipenda kisamaki.

Tukarekebisha palepale, mtandao ukiwa vipau viwili: kila kitu kihifadhiwe kwa UTC mpaka mwisho, saa ibadilishwe mara moja tu, mlangoni inapotoka, na jina la kila kigeugeu, yaani kila kisanduku cha namba ndani ya kodi, litaje ni saa ya wapi. Asubuhi na alasiri zikarudi. Kisamaki nikakifuta mwenyewe, dada akinisimamia.

Mjomba alifika saa saba na ushei, juu ya mtumbwi, anapiga kafi taratibu. Alikuja na maji. Hakusema neno, alitupa kamba tu.

Jumapili asubuhi nikapata meseji, haikutoka kwenye seva: "Leo kujaa saa 11 kasorobo alasiri. Ndoo yangu irudi."