Mnara wa Cape Hatteras bila nyumba za watunza taa ni bomba la moshi tu

Cape Hatteras, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, inasifika kwa jambo moja: mwaka 1999 mnara wa taa wa matofali, wenye uzito wa zaidi ya tani 4,300, ulibebwa mzima mzima ukasogezwa mita 884. Sifa hizo ni haki yake. Lakini uamuzi bora wa mwaka ule, kwa maoni yangu, haukuhusu mnara. Ulikuwa ule wa kuhamisha pia nyumba mbili za watunza taa, stoo ya mafuta na matangi ya maji ya mvua, kisha kuviweka kwa umbali na kimo kilekile vilivyokuwa navyo kati yao tangu mwanzo.

Umbali huo ndio unaoeleza kazi. Mnara uliwashwa tarehe 16 Desemba 1870, na ulihitaji mtunza mkuu na wasaidizi wawili. Wasaidizi walikaa katika nyumba ya 1854, iliyoutangulia mnara wenyewe. Mkuu alijengewa yake mwaka 1871. Mafuta yalipandishwa kwa mkono hadi juu, ngazi 257 kufikia roshani. Dumu la lita 20 la mafuta ya taa lina kilo 16 hivi, na taa haikujua mgonjwa wala sikukuu. Utambi usipokatwa vizuri hutoa moshi, moshi huganda kwenye lenzi, na meli iliyo mbali haioni kitu. Asubuhi lenzi ilisafishwa, na watunza taa walivaa aproni za kitani ili vifungo vya nguo visikwaruze kioo. Kisha mapazia yalishushwa, kwa sababu lenzi inayotuma mwanga nje usiku hukusanya jua ndani mchana, na inaweza kuwasha moto. Stoo ya mafuta nayo ilitengwa, maana mafuta ya taa si kitu cha kulaza chini ya ngazi. Na matangi? Kisima cha mchangani kando ya bahari huingia chumvi upesi. Maji ya paa ndiyo ya kutegemewa. Ukiviondoa hivi vyote, mgeni ataona urefu na rangi ya mistari myeusi na myeupe, basi.

Msingi wenyewe ulikuwa wa kijasiri. Mchanga wa pale ulikuwa umeshikana mno kiasi cha kukataa nguzo, kwa hiyo mjenzi, Dexter Stetson, alilaza boriti za msonobari tabaka mbili zilizopishana, chini ya usawa wa maji, akapanga juu yake mawe ya itale. Mti uliozama kwenye maji yasiyo na chumvi haupati hewa, hauozi. Hatari ilikuwa bahari: ikifika, inakokota mchanga na kuleta chumvi kwenye boriti. Mwaka 1870 ufuo ulikuwa mita 457 kutoka mnarani. Kufikia 1970 zilibaki kama 37. Taa iliwahi kuachwa mwaka 1936 kwa sababu hiyo, ikarudishwa 1950. Kuta tatu za kuzuia mchanga zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na ufuo ukaendelea kuliwa.

Wapinzani wa kuhamisha walidai mnara ungepasuka njiani. Hofu ilieleweka, ila mbinu ilikuwa ya subira. Mawe ya msingi yalitolewa kidogokidogo na nafasi yake kushikwa na mihimili ya muda. Fremu ya chuma ikapitishwa chini, na jeki 100 zikainua jengo mita 1.8. Likaketi juu ya rola, likasukumwa mita 1.5 kwa mkupuo. Jeki ziligawanywa kanda tatu, kwani kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Vihisi 60 vilipima kuinama na mtikisiko. Siku 23 tu, tarehe 17 Juni hadi 9 Julai, mnara ukatua kwenye zege lenye unene wa mita 1.2. Nyumba zilikuwa zimeshatangulia.

Kuna wanaosema nyumba zingeachwa, pesa ziokolewe. Sikubaliani nao. Mhandisi anayeweza kubeba tani 4,300 akashindwa kubeba nyumba hajashindwa, amepuuza. Tena ni rahisi kupuuza: mawe ya msingi wa zamani yaliachwa nyuma, yakachongwa majina ya watunza taa 83 na kupangwa palepale mnara ulipokuwa. Mchanga na mawimbi vikaanza kuyafukia, na mwaka 2015 ikabidi nayo yahamishwe. Yeyote anayepanga kuokoa mnara kama huu na aanze kwa kupima nafasi kati ya majengo yake yote, stoo na matangi yakiwemo, kabla hajakodi jeki hata moja.